Mwalimu wa takwimu wa barazani: elfu arobaini yangu ilivyotumika

"Dada, p yako unaitaka iwe ngapi?"

Swali hilo niliulizwa na kijana wa steshenari moja hapa Dodoma, nikiwa nimesimama kwenye kaunta na boksi la maji lililojaa dodoso. Aliuliza kama muuza chipsi anavyouliza uwekewe pilipili au usiwekewe. Nilipobaki namtazama, akafafanua kwa upole kabisa: kuingiza data na kuchambua ni laki moja na nusu, dodoso zikipungua anaziongezea mwenyewe, na p, ile namba ya takwimu inayoonyesha kama bahati tu ingeweza kuleta matokeo yako, inatoka chini ya 0.05 "ili supavaiza asikusumbue." Pembeni alikuwepo mwanafunzi mwingine anayesubiri kazi yake ibaindiwe. Hata hakugeuka.

Ningependa kuandika kwamba niliondoka pale kwa uadilifu. Niliondoka kwa sababu nilikuwa na elfu sitini tu na bumu jipya, ile posho ya mkopo wa chuo, lilikuwa halijaingia.

Hivyo ndivyo nilivyofika kwa Mwalimu, na huduma ninayoieleza hapa ni yake. Jina lake silitaji kwa kuwa hana kibao wala ukurasa mtandaoni. Namba yake inazunguka mabwenini kwa mdomo, mimi nilipewa na mwenzangu wa chumbani aliyeokolewa na mzee huyo kwenye sapu, mtihani wa marudio, ya takwimu. Ni mwalimu mstaafu wa hisabati wa sekondari, na sensa ya mwaka 2002 alikuwa msimamizi wa makarani. Usimuulize habari za sensa ile kama una haraka. Anafundishia barazani kwake, upande wa Chang'ombe. Ukishuka kwenye daladala unatembea dakika kumi hivi kwenye vumbi. Jumamosi nne, saa tisa alasiri hadi jua linapozama, elfu arobaini kwa mtu mmoja, na anakubali ulipe mara mbili. Tulikuwa saba.

Utafiti wangu ni wa mwaka wa tatu: je, wanafunzi waliopanga mtaani wanakunywa pombe zaidi ya wanaokaa hosteli? Mada niliichagua mwenyewe. Nimesomeshwa na pombe. Mama yangu, Kongwa, ameuza pombe ya mtama tangu nikiwa kidato cha kwanza, na harufu ya kimea kikikaushwa juani ndiyo harufu ya ada yangu ya shule. Kwa hiyo sikuja kwenye mada hii kama mhubiri. Nilitaka kujua.

Jumamosi ya kwanza nilidhani tutafungua kompyuta. Mwalimu alisema, "Leteni karatasi zenu," akachukua dodoso yangu akaisoma yote, maswali ishirini na manne, huku sisi tukisikiliza kuku. Swali la tatu lilikuwa: Je, unatumia pombe? Ndiyo / Hapana. Hapo akavua miwani.

"Binti, ukimuuliza mtu wa Dodoma kama anatumia pombe atakwambia hapana, na dompo liko chini ya kitanda."

Tulicheka. Lakini kijana mmoja wa kundi letu, msomi mzuri tu, akasema bila utani wowote, "Mwalimu, lakini dompo si pombe. Ile ni zabibu."

Mwalimu akaninyooshea kidole. "Umesikia?"

Nilisikia. Huu ni mji wa zabibu, na mvinyo mtamu watu wanaunywa kwenye kipaimara na mahafali bila kujiona wamekunywa kitu. Kijana wa Singida akiulizwa pombe anafikiria bia, hafikirii wanzuki. Wa Iringa anauacha ulanzi nje ya hesabu, wa Moshi mbege, na wa kijijini kwetu anasema komoni ni chakula. Swali langu moja la ndiyo na hapana lilikuwa linapima nani anaona aibu kwa neno "pombe". Kuhusu unywaji halikuwa linapima kitu.

Alinielekeza kwenye AUDIT, dodoso la Shirika la Afya Duniani lenye maswali 10. Kila swali lina alama 0 hadi 4, jumla yake ni 40, na mtu akifikisha 8 anahesabiwa kuwa anakunywa kwa kiwango cha kumletea madhara. Lugha yake ni nyepesi: mara ngapi unakunywa, siku ukinywa unakunywa vingapi, mara ngapi umeshindwa kukumbuka yaliyotokea jana usiku. Ugumu uko kwenye hilo neno "vingapi". Kinywaji kimoja pale ni gramu 10 za kilevi kitupu. Mwalimu akatupa kalkuleta. Chupa ya bia ya nusu lita yenye kilevi asilimia 5 ina mililita 25 za kilevi. Mililita moja ya kilevi ina uzito wa gramu 0.79 hivi, zidisha, unapata gramu 20 kasoro kidogo. Mtu anayesema "nimekunywa moja tu" amekunywa viwili. Kikombe cha plastiki cha mililita 200 kikijazwa mvinyo wa asilimia 12, ni karibu viwili vilevile. Mmoja wetu alirudia hesabu mara tatu kisha akanyamaza kwa muda mrefu. Sikumuuliza.

Nikamwambia ya mama yangu inauzwa kwa kopo na haina lebo. Akasema basi uliza makopo, andika makopo, na usijifanye unajua gramu usizozijua. Neno hilo nililiandika juu ya daftari.

Halafu likaja jambo la kuuma. Dodoso nilizokuwa nazo kwenye boksi, 74, nilizigawa Ijumaa jioni nje ya grosari moja jirani na chuo, kwa sababu pale wanafunzi wanapatikana wengi na hawana haraka. Na wiki ile ilikuwa ya bumu. Mwalimu alinitazama kwa huruma. "Umesimama mlango wa msikiti siku ya Ijumaa, unauliza watu wangapi wanaswali." Wenzangu walicheka tena, safari hii peke yao. Kurasa tatu kwa kila dodoso, shilingi mia kwa ukurasa: elfu ishirini na mbili na mia mbili. Mwalimu hakuniambia nizitupe. Aliniuliza tu kama ninaweza kuandika, kwa mkono wangu, kwamba hawa ndio wanafunzi wa chuo chetu. Tulizitumia kuwashia mkaa mwezi mzima.

Jumamosi ya pili ilikuwa ya kuchagua watu. Nitaipita haraka kwa sababu Mwalimu naye aliipita haraka kupita kiasi. Aliyekuwa na maswali ya ukubwa wa sampuli, yaani idadi ya watu wa kuuliza, alitoka nayo. Nilichobaki nacho ni viwili. Kwanza, bahati nasibu ya majina kutoka orodha ya darasa, vikaratasi ndani ya sufuria yenye mfuniko, na aliyechaguliwa unamfuata hata kama amepanga Nkuhungu na mvua inanyesha. Pili, sanduku. Dodoso haina jina wala namba ya simu, mtu anaijaza akiwa peke yake na kuitumbukiza mwenyewe kwenye boksi lililotobolewa juu. Nilipoanza kutumia boksi hilo watu waliacha kuniuliza "hii haitafika kwa mshauri wa wanafunzi?"

Akatuonyesha na mchezo wa sarafu, unaotokana na wazo la mtafiti Warner la mwaka 1965. Unamwambia mtu arushe sarafu ya mia kwa siri. Ikitokea kichwa cha Nyerere anajibu "ndiyo" vyovyote iwavyo. Wakitokea swala anajibu ukweli. Wewe hujui ni nani kakujibu nini. Lakini ukiwauliza watu 100 na 60 wakasema ndiyo, unajua 50 hivi walilazimishwa na sarafu, kwa hiyo kwenye 50 waliobaki kuna ndiyo 10 za kweli, moja kwa tano. Aibu imebaki kwa mwenyewe, hesabu umeondoka nayo. Sikuutumia kwenye utafiti wangu, majibu yake yanayumba mno kwa sampuli ndogo, ila tulicheza pale barazani na jibu lilituhusu sisi saba, sitalisema.

Sasa Jumamosi ya tatu. Hii peke yake ingetosha elfu arobaini.

Namba zangu halisi siziweki hapa. Kazi bado haijapita mezani na wenzangu niliwaahidi. Naweka zile alizotutungia Mwalimu kwa mazoezi. Tuseme umewauliza wanafunzi 60 wa hosteli, 21 wamekunywa mwezi uliopita. Wa mtaani 60, waliokunywa 30. Asilimia 35 dhidi ya 50. Akatuuliza kwa mikono: nani anaona wa mtaani wanakunywa zaidi? Tuliinua mikono wote saba.

"Vizuri. Mmeamua kwa macho. Sasa tuone bahati nayo inasemaje."

Nadharia tete sifuri inasema hakuna tofauti kati ya makundi mawili. Tofauti unayoiona ni ya bahati ya nani alichaguliwa kutoka kwenye sufuria. Nadharia tete mbadala inasema tofauti ipo. Unaanza kwa kumpa nafasi yule wa sifuri: kama kweli makundi ni sawa, basi wanywaji ni 51 kati ya 120, yaani asilimia 42.5 kila upande. Ukitoka hapo, pengo la asilimia 15 ni la ajabu kiasi gani? Tulikokotoa kwa mkono. Kosa sanifu, yaani kiasi ambacho pengo huyumba kwa bahati, likatoka 0.09, na z, yaani pengo ukiligawanya kwa kosa hilo, ikatoka 1.66. Kwa njia ya kai skwea, kipimo kingine cha jambo lilelile, ni 2.76, na kwenye jedwali mstari wa kuvuka ili p iwe chini ya 0.05 ni 3.84. Haikuvuka. Thamani ya p ni kama 0.097.

Maana yake alitusemesha mmoja mmoja mpaka ilipotulia: kama makundi haya kweli hayatofautiani, pengo kubwa kama hili au zaidi, upande wowote, lingejitokeza kwa bahati tu karibu mara 10 katika kila mara 100 ambazo ungefanya utafiti huu. Dada mmoja alisema, "Kwa hiyo kuna uwezekano wa asilimia 10 kwamba nadharia tete sifuri ni ya kweli." Mwalimu akamwambia arudie sentensi ya mwanzo polepole. Akarudia. Akamwambia atafute ndani yake hayo maneno aliyoyasema. Hakuyakuta. P inaanza kwa kudhani sifuri ni ya kweli. Haiwezi tena kugeuka na kukwambia ni ya kweli kwa kiasi gani. Nilikuwa nimefaulu somo la takwimu mwaka wa kwanza kwa alama B na jambo hilo sikuwa nalijua.

Kisha akaingiza mkono mfukoni, kama mtu anayetoa pipi. "Kuna njia ya kuifanya ivuke."

Ukisema tangu mwanzo kwamba unapima upande mmoja tu, kwamba wa mtaani wanakunywa *zaidi* na si *tofauti*, p inagawanywa kwa mbili. Inakuwa 0.048. Imevuka! Data zilezile, wanafunzi walewale, 21 na 30 hawajabadilika. Barazani watu walianza kuongea kwa pamoja. Kijana wa dompo akasema basi tufanye hivyo, mbona ni halali, iko hata kwenye madesa. Na ni kweli ni halali, ukiwa umeiandika kwenye propozo, mpango wako wa utafiti, kabla hujaona hata karatasi moja. Ukiisha kuona 0.097 ndipo ukakumbuka kwamba kumbe ulikuwa unapima upande mmoja, hapo umefanya kazi ya kijana wa steshenari, tena bure.

Nilifungua propozo yangu pale pale. Nilikuwa nimeandika "tofauti". Niliitazama ile karatasi kama mtu aliyesahau simu kwenye daladala, kwa sababu p yangu mimi iliishia kuangukia jirani kabisa na ya mazoezi.

Alituonyesha jambo moja zaidi kwenye kompyuta yake ya mkononi, kwa JASP, programu ya bure iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Amsterdam. Aliziacha asilimia zilezile, 35 na 50, akaongeza watu: 120 kila upande badala ya 60. Kai skwea ikapanda hadi 5.52 na p ikashuka hadi 0.019. Wanywaji hawajabadilika tabia. Kilichobadilika ni kwamba umetazama kwa taa kubwa zaidi. Na hiyo 0.05 yenyewe haikushuka mlimani. Mwanatakwimu Ronald Fisher aliipendekeza mwaka 1925 kwa kuwa ni rahisi kuitumia, tukaigeuza ukuta wa seng'enge.

Hapo mzee akapotea kwenye hadithi, kama kawaida yake, ila hii niliipenda. Kile kipimo cha t tunachokikariri, cha kulinganisha wastani, kilibuniwa na mtu wa kiwanda cha bia. William Sealy Gosset aliajiriwa na Guinness kule Dublin mwaka 1899, na shida yake ilikuwa kwamba majaribio ya shayiri na bia ni machache, sampuli ndogo ndogo, na hesabu za wakati ule zilitaka sampuli kubwa. Mwaka 1908 akachapisha jibu, na kwa kuwa kampuni haikutaka wafanyakazi wachapishe kwa majina yao, akajiita "Student", mwanafunzi. Nikafikiri: pombe imenisomesha mimi, kumbe na takwimu yenyewe.

Kazi ya nyumbani ilitokana na Fisher huyohuyo, na bibi mmoja aliyedai anaweza kujua kama maziwa yametangulia kwenye kikombe au chai. Vikombe vinane, vinne vya kila aina, achague vinne vya aina moja. Mwalimu akasema tafuteni mtu anayejigamba kuhusu kinywaji chochote, mumjaribu. Wenzangu walikwenda na soda. Mimi Pasaka ilikuwa imefika na nilikuwa nakwenda nyumbani.

Mama anasema anaijua pombe yake hata ikichanganywa na ya kijiji kizima. Nikanunua ya jirani, nikamwomba mdogo wangu amimine nyuma ya jiko: makopo manane yanayofanana, manne ya mama, manne ya jirani, mpangilio kwa vikaratasi vya kuokota. Mama akaketi kwenye kigoda, akafunga khanga vizuri kama mtu anayekwenda kutoa ushahidi. Hakunywa, alilamba tu, akatema pembeni, akasubiri, akanusa lingine. Yaliyo yake aliyasogeza kulia. Ilichukua muda wa chai kuchemka.

Alipatia matatu kati ya manne.

"Hili mmelisuuza kwa sabuni ya unga," alisema akilinyanyua lile alilolikosa, na akampa mdogo wangu jicho ambalo sisi watoto wake tunalijua. Mdogo wangu aliapa. Niliketi chini na daftari. Njia za kuchagua makopo manne kati ya manane ni 70. Kupatia yote kwa kubahatisha ni njia 1 tu. Kupatia matatu kuna njia 16. Ukijumlisha matatu au zaidi ni 17 kati ya 70, yaani 0.243. Mtu asiyejua chochote angefika alipofika mama karibu mara moja katika kila majaribio manne. Siwezi kuikataa nadharia tete sifuri.

"Kwa hiyo hesabu yako inasema mimi siijui pombe yangu?"

Miaka yote hiyo anapika. Nilijua anaijua. Ila makopo manane ni kidogo mno: kosa moja tu linakuangusha kutoka 1 kati ya 70 hadi 17 kati ya 70, na kama ningemwekea makopo manne tu, hata akipatia yote ingekuwa 1 kati ya 6 na bado asingevuka. Hilo ndilo kosa la aina ya pili ambalo nilikuwa nalikariri kwa Kiingereza bila kuliona sura: kitu kipo, kipimo chako kidogo, unarudi mikono mitupu.

"Hapana mama, inasema sijakuonjesha vya kutosha."

"Basi lete mengine."

Hatukuleta, wateja walikuwa wameanza kufika.

Nilipomsimulia Mwalimu alicheka mpaka akakohoa, kisha akatumia nusu ya Jumamosi ya nne kutufundisha jinsi ya kuandika tokeo ambalo halikuvuka. Usiandike "nadharia tete sifuri imethibitika". Usiandike "hakuna tofauti". Umemulika zizi kwa tochi ya simu usiku, hukumwona mbuzi. Andika ulimulika wapi na tochi ilikuwa kubwa kiasi gani. Andika asilimia za kila kundi. Andika pengo na mipaka yake: kwa namba za mazoezi pengo ni asilimia 15, lakini linaweza kuwa popote kati ya kasoro 2 na 32 hivi, na msomaji anayeona upana huo anaelewa mwenyewe kwamba hujui mengi bado. Na hata ingevuka, usiandike kwamba kupanga mtaani *kunasababisha* kunywa. Huenda wanaopenda kunywa ndio wanaokimbia hosteli yenye mlezi na geti la saa nne.

Sasa malalamiko, maana yapo na si madogo. Baraza halina ukuta upande wa mashariki, na upepo wa Dodoma mnaujua. Karatasi zangu mbili zilipaa hadi kwa jirani na moja haikurudi. Umeme ukikatika somo la kompyuta limekwisha, betri ya mashine yake inadumu kama barafu. Anaanza saa tisa na nusu na kuita saa tisa. Ana mbwa. Hadithi za sensa ya 2002 zilitula kama saa moja na nusu kwa ujumla, nimehesabu. Chai anayotuletea mke wake nilidhani ni ukarimu, kumbe mwisho wa Jumamosi ya nne kuna elfu mbili ya chai. Aseme mapema tu, watu tulipe kwa amani. Na kubwa zaidi: hagusi kompyuta yako. Ukikwama kwenye kuingiza data atakutazama ukihangaika mpaka utoe mwenyewe. Mwenye wiki moja kabla ya kukabidhi asiende, atalia. Asiyejua hata asilimia naye ataachwa, mzee ana subira na fikra ila si na hesabu za darasa la saba.

Supavaiza wangu aliirudisha sura ya nne na wino mwekundu pembeni mwa jedwali: kwa nini haijavuka? Nilienda ofisini kwake nikiwa na daftari la Mwalimu. Nilimweleza sufuria ya majina, boksi la tundu, ukubwa wa sampuli, pengo na mipaka yake, na kwamba propozo ilisema "tofauti". Alisoma propozo. Akaniuliza dodoso za kwanza ziko wapi, nikasema zimepika maharage. Aliandika kitu kifupi kwenye ukurasa akanirudishia: ongeza aya moja ya mapungufu, urudi Jumatano.

Nampa nyota nne. Ya tano kaichukua upepo. Kundi jipya linaanza baada ya mitihani. Nendeni na kalkuleta na daftari la hesabu, si la mistari, na wahini kufika: vile viti sita vya plastiki ni vizima, wa saba wenu atakalia kile cha ukutani, na mguu wake wa nyuma umefungwa kwa waya.